Mstari wa Maji

Chungu cha kumi na saba kilivunjwa Jumanne asubuhi, na Lugano alikisikia kikipasuka akiwa bado kwenye kichochoro. Akasimama kidogo, akampa mama yake muda wa kumaliza hasira, kisha akaendelea kutembea kwa mwendo wa mtu ambaye hajasikia chochote.

Mama Sekela alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, udongo umempanda hadi viwikoni na vipande vya chungu vimetapakaa miguuni. Kilikuwa kimeshakauka, bado kuchomwa tu. Hakuinua uso. Alisema kimepinda. Lugano akauliza kimepinda upande gani, akajibiwa kwamba mwenye macho haulizi.

Ila kilikuwa hakijapinda, na hapo ndipo ilipokuwa shida yote. Lugano alikuwa mpimaji. Mfukoni mwake hakikosi kifaa kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachotupa mwanga mwembamba na kusoma umbo la kitu chochote kuanzia sindano hadi kanisa. Jana yake, mama alipokwenda kunawa, alikipima chungu kile kwa kuibia. Mdomo ulinyooka mzunguko mzima. Kasoro yake haikufika unene wa ukucha. Vile kumi na sita vya mwanzo vilikuwa hivyohivyo. Mikono iliyowauzia vyungu akina mama wa Matema hadi Kyela mjini kwa miaka arobaini ilikuwa haijapoteza kitu, na mwenye mikono hakujua.

“Mkono wangu umekufa,” alisema Mama Sekela. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akaanza kuokota vigae na kuvitia kwenye ndoo.

Uchungu ulibaki kwa Lugano. Tangu wahamie Pete, mwaka na nusu sasa, mama yake alikuwa anapungua, na si mwili tu. Huyu alikuwa mwanamke wa utani, mwenye kuwapachika watu majina na majina yakaganda mpaka wake zao wakayatumia. Siku hizi aliongea kama mgeni aliyefikia kwa watu na hajui ataondoka lini. Kitu pekee kilichomshikilia ni udongo. Akiuacha udongo, Lugano hakujua angemshika na nini.

* * *

Pete ilikuwa gurudumu kubwa lililozunguka angani, na watu waliishi upande wa ndani wa tairi. Ukisimama mlangoni uliona ardhi ikipanda mbele yako na ikipanda nyuma yako, mashamba ya mahindi yameegemea hewani bila kumwagika, mpaka shingo ichoke kuyafuata. Pande mbili zilizobaki zilizibwa na kuta ndefu. Watoto walizoea kwa wiki moja. Wazee walitembea wakiwa wameshikilia ua.

Kijiji cha Ilondo kiliwekwa humo kizimakizima, na aliyekiweka ni Lugano. Mlima ulipoanza kuporomokea Ziwa Nyasa, na ikaamuliwa kwamba Ilondo hapakaliki tena, alizunguka na kifaa chake siku arobaini akipima kila ukuta, kila ngazi, hadi ufa wa baraza la Mzee Angolwisye. Mitambo ya Pete ikakichapa kijiji upya kwa udongo wa kiwandani. Siku ya kuhamia watu walikuta milango yao, madirisha yao, ufa wao. Walilia. Lugano akalia nao, na ilikuwa siku ya fahari kuliko zote maishani mwake.

Furaha haikumaliza mwezi. Mmoja akaja kusema paa la kanisa limebonyea. Mwingine akadai baraza lake linaangukia nje. Lugano akapima, akapima tena, namba zikatoka zilezile za Ilondo. Akawaonyesha. Watu wakaziangalia namba, wakaliangalia paa, kisha wakamwangalia yeye kwa huruma.

Ilimchukua muda kukubali kitu alichofundishwa chuoni mwaka wa kwanza na kukisahau baada ya mtihani. Jicho halipimi kitu peke yake. Linauliza majirani zake. Pakua wali uleule kwenye kisahani na kwenye sinia, macho yatakuapia kwamba wa kwenye sinia ni kidogo. Chora mstari kwa rula, uuzungushie mistari inayopindia juu, na ule mnyoofu utauona umepindia chini, utake usitake. Kujua hakusaidii. Unaweza kuwa na rula mkononi na bado ukauona umepinda. Akili inapiga hesabu zake kwa kuegemea vilivyo jirani, na akili za watu wa Ilondo zilikuwa zimeegemea maji tangu utotoni.

Wafinyanzi ndio walioegemea zaidi. Wanawake wa Ilondo waliinua chungu kwa mkono, wakakizungusha juu ya kigae, wakakilainisha kwa gunzi na kokoto. Kazi ilipofika kwenye mdomo, walikuwa na namna yao. Mfinyanzi alikaa akiangalia ziwa, akainama taratibu mpaka mdomo wa chungu ukutane na ule mstari wa mbali ambapo maji yanaishia. Waliita kuupeleka mdomo majini. Mdomo ukizama wote kwa pamoja, kazi imekwisha. Upande ukibaki juu, unapapaswa kwa kidole gumba mpaka ukubali. Lugano aliyaona hayo tangu akiwa mgongoni. Hadi leo akifumba macho aliuona mgongo wa mama yake ukishuka polepole, na mbele yake ziwa la asubuhi lisilo na haraka, moshi wa dagaa wa usipa wanaokaushwa ukitambaa mchangani, na mama mdogo Subilaga akipaza sauti kutoka kwenye chungu chake kwamba Sekela anawachelewesha watu sokoni. Alivikumbuka vitu hivyo mara nyingi kuliko alivyokiri.

Sasa kigoda cha mama kiliangalia ukuta wa Pete, maana huko ndiko ziwa lingekuwa. Lugano mwenyewe ndiye aliyekielekeza kijiji hivyo. Na pale ukuta ulipokutana na ardhi palijichora mstari mrefu uliopanda kushoto na kupanda kulia, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea katikati. Jumanne hiyo, mama alipokwenda kumwaga vigae, Lugano alikalia kigoda chake, akaweka bakuli la bati mbele yake, akainama. Mdomo wa bakuli ukashuka pembeni, huku na huku, mbele ya macho yake. Alijua umenyooka. Aliuangalia tena, ukashuka tena.

* * *

Bwana Shekiondo, mkuu wa idara ya makazi, alikuwa mtu mpole aliyeisikia habari hii mara nyingi, na dawa yake aliiweka kwenye droo. Ilikuwa miwani, naye akampa Lugano ampelekee mama. Ukiivaa, ilichora juu ya kuta na mashamba ya Pete mandhari ya ulikotoka, kwa usahihi wa vipimo alivyochukua Lugano mwenyewe. Wazee wengi wa Ilondo walikuwa nayo. Mzee Angolwisye hakuivua hata mezani. Paa la kanisa kwake lilishanyooka zamani na mlima ulikuwa mahali pake. Kasoro ilikuwa moja. Mkwe wake alipanda mahindi mbele ya nyumba, na miwani iliweka ufuko palepale, basi kila asubuhi mzee alikwenda ufukoni akikanyaga miche. Mkwe aliacha kupanda. Hakumwambia kwa nini.

Mama Sekela aliivaa miwani siku ya Jumamosi, akageuza kichwa taratibu huku na huku. Kisha akakivuta chungu cha kumi na nane, akakiweka mbele yake, akainama. Lugano aliona mabega ya mama yake yakilegea. Machozi yalimtoka mama, yakadondokea kwenye udongo, naye hakujishughulisha kuyafuta.

Alishinda hivyo hadi jioni. Alitaja mawe kwa majina. Alisema nani angekuwa anaosha vyombo wapi saa hizi. Aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima, na Lugano aliyekaa pembeni akiona ukuta mtupu alimwonea wivu kiasi cha kuumia. Mwishowe mama akanyanyuka, akatembea mpaka ukutani, akainama na kuchota kwa kiganja. Akaangalia kiganja kikavu. Akavua miwani.

“Mrudishie mwenyewe,” alisema. “Mwambie asante, amenionyesha kwetu. Lakini nikiishi humo ndani nitakuwa nimekufa kweli, na wewe utakuwa unapita mbele yangu sikuoni.”

* * *

Baada ya hapo alifanya kazi wiki mbili peke yake na kumwomba Lugano asije uani. Siku aliyomwita, alimwita kwa kelele, mtaa mzima ukasikia.

Chungu hicho cha kumi na nane kilikuwa tayari kimechomwa kwenye tanuri la umeme ambalo mama alilidharau, kimepakwa rangi nyekundu mdomoni na kuchorwa nakshi nyeupe begani, kama vyungu vyote vya Ilondo. Mama alimkalisha kwenye kigoda, akamshika kisogo akamwinamisha kama mtoto. Mdomo ulilala juu ya mstari wa ukuta wote kwa pamoja, mtulivu, haukupanda wala kushuka. Tangu waingie Pete, hiki kilikuwa kitu cha kwanza kilichoonekana kama kwao.

Mama alikuwa anacheka. Alikuwa ameshamwita Bwana Shekiondo “Bwana Ziwa Kavu”, na majirani waliokuja kuona chungu waliondoka na jina hilo mdomoni. Alipogeuka kuwaaga, Lugano akapitisha kifaa chake haraka, kwa mazoea tu.

Mdomo ulikuwa umepanda milimita tisa upande wa kushoto na milimita tisa upande wa kulia. Hata msichana anayejifunza asingethubutu kukitoa nje chungu cha namna hiyo. Mama yake alikuwa amepambana na ardhi ya Pete wiki mbili nzima mpaka akaishinda, na chungu ndicho kilichoumia.

“Kiko sawa?” mama aliuliza.

“Kinapendeza, Mama,” Lugano alijibu, akaona aibu papo hapo.

Mama akasema basi kinakwenda kwa Subilaga. Chombo cha kuteremka duniani kingeondoka Ijumaa. Subilaga, mdogo wake, aliolewa Matema, ambako mlima haukufika, na bado alikaa ufukoni akifinyanga kama zamani. Siku ya kuagana alisema mbele ya watu kwamba mikono ya Ilondo haihami, kwamba dada yake akifika huko juu ataishia kufinyanga vikombe. Ulikuwa utani, ila uliingia. Mama Sekela alitaka kuujibu kwa chungu, siyo kwa maneno. Na Lugano alijua vizuri kitakachotokea. Subilaga angekipokea, angekaa mchangani, angeinama.

* * *

Bwana Shekiondo alimshauri aache. Sisi tunaishi humu, alisema; kikionekana sawa humu, ni sawa. Lugano aliondoka akizipima njia mbili. Kumwambia mama ukweli kulikuwa kumnyang'anya chungu pekee ambacho hakukivunja, na huenda asifinyange tena. Kunyamaza kulikuwa kumwacha aaibike kwa mtu mmoja tu duniani ambaye mama aliitaka heshima yake. Au Subilaga naye angenyamaza kwa huruma, na mama angebaki katikati ya watu wawili wanaomdanganya kwa upendo, sawa na Mzee Angolwisye na mahindi yake.

Kulikuwa na njia ya tatu, na Lugano aliifikia mpaka mlangoni. Vipimo vya chungu cha kumi na saba bado alikuwa navyo. Jumatano alikwenda kwenye karakana, akakichapa, akakipaka rangi na nakshi zilezile. Saa moja tu ilitosha. Kilikuwa kimenyooka bila lawama. Angekibadilisha kwenye sanduku na hakuna ambaye angejua. Alikishika mikononi akatafuta mahali pa kukipenda, asipaone. Akakirudisha kwenye mashine ikakisaga.

Alhamisi adhuhuri alikwenda kwa mama yake na jagi la maji. Chungu kilikuwa mezani, kimezungushiwa matambara, sanduku liko wazi. Lugano akakifungua, mama akamwuliza anafanya nini, naye akasema ana neno ila hataki kulisema kwa mdomo. Akamimina. Mama Sekela akaja karibu. Maji yalipanda, yakafika shingoni, yakafika mdomoni, yakaanza kumwagika mbele na nyuma. Kushoto na kulia palibaki pakavu, upana wa karibu kidole kizima.

Maji ya mezani hayakuwa na ukuta wa kuyapotosha. Mama Sekela aliyaangalia mpaka yakaacha kudondoka. Kisha akafumba macho, akapitisha kidole kwenye mdomo wa chungu, mzunguko mmoja, polepole, na wa pili.

“Mkono ulijua,” alisema. “Kila nikipapasa unaniambia hapana, nami naulazimisha. Na vile vya mwanzo?”

“Vilikuwa sawa, Mama. Vyote kumi na saba.”

“Ulijua.”

“Nilijua. Nilivipima kwa kuibia. Niliogopa kukuonyesha namba ukanionea huruma kama wale wa kanisani.”

Mama alikaa. Alisema kwamba amevunja vyungu kumi na saba vizuri akiwa na mtoto mpimaji ndani ya nyumba, na kwamba hilo atalikumbuka. Lugano alilia bila kujificha. Alisema ni yeye aliyewaleta, ni yeye aliyeelekeza kijiji ukutani, alidhani akileta kila kitu kwa kipimo chake ameleta kwao. Mama hakumbembeleza, ila alimpa kitambaa alichokuwa anafutia chungu, nacho kikampaka udongo usoni.

Lugano akaanza kukiondoa chungu mezani ili akifiche ndani. Mama akamzuia.

“Kifunge,” alisema. “Kinaondoka kesho.”

“Mama, atakiona kimepinda.”

“Akione. Mwaka mzima namweleza huku kulivyo, ananijibu ndiyo, ndiyo, na najua hajaelewa. Huko atakiangalia kwa macho yake mwenyewe.”

* * *

Majibu yalichukua wiki tano. Katika muda huo Mama Sekela alihamishia kigoda chake ndani, akafanya mdomo wa chungu akiwa amefumba macho, akautegemea mkono. Vilitoka vizuri kwa kifaa, naye aliviona vibaya, akaviacha vizima rafuni akivipa mgongo. Alisema anajaribu kuzoea kuviamini vyungu asivyoviona sawasawa. Hakuwa na furaha, Lugano hakujidanganya kuhusu hilo. Ila alikuwa anafinyanga.

Sauti ya Subilaga ilifika siku ya kufua. Mama aliacha nguo kwenye beseni, akaja na mikono yenye povu, akamwambia Lugano afungulie.

“Dada,” ilisema sauti, na nyuma yake kulisikika maji, maji ya kweli, yakipiga mchanga. “Nisikufiche, kwanza nilicheka. Nimekiweka hapa mchangani, nikakipeleka majini, nikaona kimepanda huku na kimepanda huku. Nikasema Sekela amekwisha, masikini. Nikakiingiza ndani. Lakini usiku sikulala, nikawaza, yule hawezi kukosea pande mbili sawasawa. Wewe ukikosea unakosea ovyo.”

Mama Sekela alicheka kidogo, akafuta pua kwa bega.

“Asubuhi nikakitoa tena. Nikakaa nacho mpaka jua likawa kali. Picha za huko wametuletea nyingi, dada, na sikuwahi kuelewa kitu. Nilidhani ni mabonde. Jana ndiyo nimeelewa. Ardhi yako imepanda pande zote mbili, na maji hakuna. Umekaa hapo unaangalia kitu kama hicho kila siku, halafu bado umeinama ukatafuta mstari. Pole, dada yangu. Pole sana. Nilikutania vibaya.”

Yakabaki maji peke yake. Lugano alidhani sauti imekwisha, akanyoosha mkono kuzima.

“Nimekiweka barazani, mbele, wanapopita watu. Kila anayepita ananiambia mama Subilaga, chungu chako kimepinda. Nawaambia hakijapinda. Hapa tu si kwao.”

Mama Sekela alisimama na mikono yake yenye povu, amegeukia ukuta. Baada ya muda akamwomba Lugano airudishe mwanzo. Lugano akairudisha, na mara hii akaketi chini kusikiliza naye.